Mchungaji Johann Ludwig Krapf na Makaburi ya Watoto Wake

Kabla ya wamisionari wa Kilutheri kufika Mlalo mwaka 1891, milima ya Usambara ilikuwa imekwisha kukanyagwa na Mchungaji Johann Ludwig Krapf, aliyezaliwa mwaka 1810 huko Derendingen, Ujerumani. Wengi humkumbuka kwa kamusi yake ya Kiswahili. Makaburi aliyoyaacha njiani hutajwa kwa nadra.

Mwaka 1843, wakisafiri kutoka Massawa kwenda Tigray, mkewe Rosine alijifungua nyikani kabla ya wakati. Baba mwenyewe alimbatiza mtoto, akamwita Eneba, yaani chozi kwa Kiamhari. Mtoto aliishi saa chache tu, akazikwa chini ya mti kando ya njia. Wenyeji waliowaongoza hawakukubali kungoja, hata mzazi akalazimika kuondoka kabla hajapata nguvu, wala nafasi ya kulia. Hata hivyo mtoto yule hakuachwa bila jina, na jambo hilo si dogo kwa wazazi waliofiwa na mtoto mchanga.

Mwaka 1844 walifika Mombasa. Mwezi wa Julai Rosine alijifungua binti wa pili. Homa ikamchukua mama, na baada ya muda mfupi mtoto naye akamfuata. Krapf, mwenyewe akiwa hoi kwa homa, alibaki peke yake. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa.

Mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann, alifika mwaka 1846. Mwaka 1848 Krapf alipanda hadi Vuga kwa Mfalme Kimweri kumwomba mahali pa kuhubiri Injili, akarudi tena mwaka 1852. Alifariki Korntal, tarehe 26 Novemba 1881.