Maisha ya Mwandishi: Nikolai Gogol na Watetezi Wake

Nikolai Gogol, mwandishi wa tamthilia ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, alizaliwa mwaka wa 1809 nchini Ukraine, iliyokuwa chini ya himaya ya Urusi. Mwishoni mwa 1828 alihamia Saint Petersburg, mji mkuu wa himaya hiyo, akaajiriwa kuwa karani wa serikali. Hakudumu kazini, lakini alijionea jinsi cheo kilivyotukuzwa kuliko utu.

Enzi hiyo, Mfalme Nicholas wa Kwanza alitawala kwa mkono wa chuma. Kila kitabu, gazeti na mchezo wa kuigiza ulipitia kwanza kwa maafisa wa udhibiti. Wao ndio walioamua umma usome nini na utazame nini.

Tamthilia ya Gogol ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1836. Ndani yake, Meya wa mji mdogo na wenzake wanamdhania kijana Khlestakov kuwa mkaguzi kutoka mji mkuu, wakashindana kumpa hongo. Kejeli hiyo iliwaumbua watumishi wa umma, hivyo ilikuwa hatarini kupigwa marufuku. Mshairi Zhukovsky, mwalimu wa mrithi wa kiti cha ufalme, aliitetea ikuluni. Mfalme akairuhusu, akahudhuria onyesho la kwanza, naye akacheka. Maafisa wengi, hata hivyo, walikasirika na kudai kwamba Gogol ameitukana serikali. Gogol alivunjika moyo, akaondoka nchini mwaka huohuo. Kwa miaka mingi aliishi ng'ambo, hasa Roma.

Wahenga walisema kuwa msema kweli hukimbiwa na rafiki zake. Gogol hakukimbiwa na wote. Wadhibiti wa Moscow walipoipinga riwaya yake ya Roho Zilizokufa, wakidai kwamba roho haifi, mhakiki Belinsky aliubeba mswada hadi Saint Petersburg. Ulichapishwa mwaka wa 1842, baada ya anwani kuongezwa maneno na kisa kimoja kuandikwa upya.

Gogol alifariki mjini Moscow mwaka wa 1852. Mwandishi Turgenev aliandika taazia ya kumsifu. Wadhibiti wa Saint Petersburg waliikataa, naye akaichapisha katika gazeti la Moscow. Kwa kosa hilo alitiwa korokoroni mwezi mmoja, kisha akalazimishwa kuishi shambani kwake kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Mwanafunzi azingatie kwamba Gogol hakuwa mpinzani wa ufalme. Alitaka kuurekebisha mwenendo wa watu. Hata hivyo, kazi zake zilihitaji watetezi. Aidha, ruhusa ya 1836 ilikuwa hisani ya mfalme, wala haikuwa haki ya mwandishi. Ndiyo maana utawala uleule uliocheka ukumbini ulimfunga Turgenev miaka 16 baadaye kwa kumwomboleza mwandishi aliyeuchekesha.

Zoezi
1. Eleza mchango wa Zhukovsky, Belinsky na Turgenev katika kutetea kazi na jina la Gogol. (alama 6)
2. "Uhuru wa kusema unaotegemea hisani ya mtawala si uhuru." Jadili kwa kurejelea maisha ya Gogol. (alama 10)