Theodore Roosevelt: Mwindaji aliyewaachia dubu msitu

Theodore Roosevelt, Rais wa 26 wa Marekani, anakumbukwa hadi leo kupitia mwanasesere wa dubu aitwaye Teddy. Hata hivyo, dubu weusi wa mwituni waishio kaskazini mwa miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, jimboni Minnesota, wanahusiana naye kwa sababu nyingine kabisa.

Roosevelt alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858. Utotoni alisumbuliwa na pumu, lakini alipenda mno kuchunguza ndege na wanyama.

Tarehe 14 Februari 1884 alifiwa na mama yake na mkewe, Alice, katika siku moja na nyumba moja. Akaenda kuishi na majonzi yake katika nyika za Dakota, akifuga ng'ombe na kuwinda, dubu wakubwa wa milimani wakiwa miongoni mwa windo lake.

Fimbo na dubu

Tarehe 2 Septemba 1901, akiwa Makamu wa Rais, alihutubia maonyesho ya jimbo la Minnesota, katika viwanja vilivyo kati ya Minneapolis na Saint Paul. Hapo ndipo aliposhauri kwamba mtu azungumze kwa upole huku akishika fimbo kubwa, msemo aliowahi kudai kuwa ni wa Afrika Magharibi, ingawa wataalamu hawajaupata huko.

Siku 12 baadaye Rais William McKinley alifariki dunia kutokana na majeraha ya risasi, na Roosevelt akashika madaraka.

Mwezi Novemba 1902 alikwenda kuwinda Mississippi. Mwongozaji wake, Holt Collier, Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani, alimkamata dubu na kumfunga mtini ili Rais ampige risasi. Roosevelt alikataa, akiona si haki kumuua mnyama aliyefungwa.

Mchoro wa gazeti ulieneza habari hiyo, na muuza duka mmoja wa Brooklyn akashona mwanasesere aliyepewa jina la Rais. Lakini dubu mwenyewe hakupona: kwa kuwa alikwisha kujeruhiwa, Roosevelt aliagiza auawe.

Msitu na wenyewe

Huruma ya siku moja haikutosha kuwanusuru dubu. Dubu mweusi huhitaji eneo kubwa lenye matunda ya porini na njugu za miti, pamoja na pango la kulala usingizi mzito wa majira ya baridi, ambao Minnesota unaweza kufikia nusu mwaka. Msitu ukifyekwa, dubu naye hutoweka.

Ni hapo ndipo kalamu ya Roosevelt ilipofanya kazi kuliko bunduki yake. Mwaka 1908 alitia saini sheria iliyoanzisha msitu wa taifa ambao sasa unaitwa Chippewa, na tarehe 13 Februari 1909, wiki chache kabla ya kuondoka Ikulu, akatangaza msitu wa Superior, unaopakana na Canada.

Mwezi Aprili mwaka huo alitua Mombasa. Katika safari yake ya Afrika Mashariki, yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, wengi wao wakipelekwa katika makumbusho ya Marekani. Kwake yeye, kuhifadhi na kuwinda havikupingana.

Aidha, misitu hiyo ya Minnesota haikuwa mali isiyo na mwenyewe. Ilikuwa ardhi ya Waojibwe, na Chippewa ilichorwa ndani ya eneo lililokuwa limetengwa kwa ajili yao. Ni sheria ya Desemba 2020 iliyoamuru Waojibwe wa Leech Lake warejeshewe takriban ekari 11,760 zilizochukuliwa bila idhini ya wenyewe na kuingizwa katika msitu huo. Msomaji wa Afrika Mashariki, anayejua jinsi wafugaji walivyohamishwa kupisha mbuga za wanyama, hatashangazwa na simulizi hiyo.

Roosevelt alifariki dunia tarehe 6 Januari 1919. Dubu wa Minnesota aliendelea kuhesabiwa kuwa mharibifu hadi mwaka 1971, alipoanza kuwindwa kwa msimu maalumu tu. Leo jimbo hilo lina dubu weusi zaidi ya 10,000, wengi wao wakiishi katika misitu ya kaskazini.

Mwanasesere alimpa Roosevelt jina. Msitu ndio uliowapa dubu maisha, na deni lake kwa wenye ardhi limeanza kulipwa karne moja baadaye.