Alexander Mackay: Fundi wa Barabara ya Mpwapwa

Miaka mingi kabla ya reli kufika Dodoma mwaka 1910, mizigo ya kwenda bara ilibebwa na wapagazi. Misafara iliyotoka Saadani na Bagamoyo ilipumzika Mpwapwa, kisha ikaikabili Marenga Mkali, nyika kavu iliyotangulia Ugogo na hongo za watemi wake. Katika njia hiyo, mwaka 1877, kijana wa Kiskoti aliongoza vibarua waliofyeka miti, wakachimba miteremko na kutengeneza vivuko vya mito.

Huyo alikuwa Alexander Murdoch Mackay, mwana wa mchungaji, aliyezaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie. Alisomea ualimu na uhandisi mjini Edinburgh, na mwaka 1873 akaenda Berlin kufanya kazi ya mitambo. Mwishoni mwa 1875 gazeti moja la London lilichapisha barua ya Stanley, iliyoomba walimu kwa ajili ya Kabaka Mutesa wa Buganda. Mackay, mwenye ajira na matumaini mema, akajitolea kwa chama cha misioni cha Waanglikana, CMS. Alipoagwa Aprili 1876 aliwatahadharisha wakuu wa chama kwamba kabla ya miezi sita huenda wangesikia mmoja wao amekufa. Mjenzi wa kundi hilo alifia Zanzibar mwezi Agosti.

Mackay mwenyewe aliugua njiani akarudishwa pwani. Alipopona alikabidhiwa kazi ya barabara ya kutoka Saadani hadi Mpwapwa, yapata kilomita 370. Inastahili kukumbukwa kwamba shoka na sururu zilikuwa mikononi mwa Waafrika, ambao majina yao hayakupewa nafasi katika sifa za barabara ile. Magari ya maksai hayakufanikiwa, kwa kuwa wanyama walikufa. Ndipo ikaja habari kwamba wenzake wawili, Smith na O'Neill, wameuawa Ukerewe Desemba 1877. Badala ya kurudi nyuma, Mackay aliharakisha kwenda ziwani, akafika Buganda Novemba 1878.

Huko alikuwa mhunzi, seremala, mchapaji na mwalimu. Kabaka alipofiwa na mama yake mwaka 1882, ni yeye aliyetengeneza majeneza makubwa ya maziko. Mafundisho ya kwanza aliyatoa kwa Kiswahili, hadi alipoweza kufasiri na kuchapa kwa Kiganda. Wanafunzi watano wa kwanza walibatizwa Machi 1882.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, akarithiwa na mwanawe Mwanga. Wakati huohuo Carl Peters alikuwa akikusanya mikataba ya ardhi katika Usagara, nchi ileile ambamo barabara ya Mpwapwa ilipita. Habari za Wajerumani zilipofika Buganda, hofu ya Mwanga juu ya wageni haikuwa ya kuwazia tu. Ila adhabu iliwaangukia wenyeji. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu, Kakumba, Lugalama na Serwanga, walichomwa moto. Baadhi yao walikamatwa wakiwa safarini pamoja na mwalimu wao. Oktoba mwaka huo Askofu Hannington aliuawa Busoga, na tarehe 3 Juni 1886 waumini wengi, Waanglikana na Wakatoliki, waliteketezwa Namugongo.

Hapo ndipo ulipo uzito wa maisha ya Mackay. Ufundi wake ulimfanya atakiwe na Kabaka, hivyo yeye alinusurika; waliojifunza kwake hawakuwa na kinga hiyo. Aliomba kwa ajili yao bila kusikilizwa, akaendelea kuwachapia waliosalia kurasa za kusoma mafichoni. Julai 1887 alilazimika kuondoka, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa.

Mwaka 1889 njia ya pwani nayo iliwaka moto: vita vya Bushiri vilifika Mpwapwa, na kituo cha Wajerumani kikashambuliwa. Stanley alipopita Usambiro mwaka huo akielekea pwani, alimsihi Mackay afuatane naye. Mackay alikataa, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwachia kazi. Tangu 1876 hakuwa ameiona nchi yake hata mara moja.

Alikufa kwa homa tarehe 8 Februari 1890, akiwa na miaka 40, huku tafsiri ya Injili ya Yohana kwa Kiganda ikiwa bado mikononi mwake. Alizikwa Usambiro, na mwaka 1927 mabaki yake yalipelekwa Namirembe, Kampala.