Saa 24 za Le Mans: Pierre Levegh, dereva aliyekaa kwenye usukani karibu saa 23

Asubuhi ya Jumapili tarehe 15 Juni 1952, watazamaji wa mbio za magari za Le Mans, katika nchi ya Ufaransa, walikuwa wakihesabu mizunguko ya gari moja: Talbot ya rangi ya bluu ya Mfaransa Pierre Levegh. Ilikuwa mbele ya magari yote. Mtu aliyeondoka nayo Jumamosi, saa kumi za alasiri, alikuwa bado ndani yake. Hakuwa amemwachia mwenzake usukani hata mara moja.

Mbio za Le Mans zilianza mwaka wa 1923 na hufanyika hadi leo, kwa kawaida mwezi wa sita. Magari huzunguka saa 24, mchana na usiku, na mshindi ni yule ambaye wakati huo ukimalizika amepita kilometa nyingi kuliko wengine. Wakati wa Levegh, mzunguko mmoja ulikuwa na kilometa 13 na nusu hivi, na sehemu kubwa yake ilikuwa barabara za kawaida ambazo wakaaji walizitumia siku zingine. Kila gari lilikuwa na madereva wawili wa kupokezana.

Kwa shabiki, kufuata mbio hizo ni kazi ya usiku na mchana. Gari linapita mbele yake kwa sekunde chache, kisha linapotea kwa dakika kadhaa. Ndiyo sababu watu wengi walipenda kusongamana mbele ya mahali ambapo magari yalisimama kujaza mafuta na kubadilisha matairi. Hapo mtu aliona nani ameingia, nani amechelewa kutoka na nani amechoka.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Pierre Bouillin. Alizaliwa Paris tarehe 22 Desemba 1905. Mjomba wake, Alfred Velghe, alikuwa mmoja wa madereva wa kwanza wa mashindano katika Ufaransa, na alikuwa amegeuza herufi za jina lake ili ajiite Levegh. Mwaka wa 1900 mjomba huyo alishinda mbio za kutoka Paris hadi Toulouse na kurudi. Alikufa mwaka wa 1904, kabla Pierre hajazaliwa. Kijana alipokua na kuingia katika mchezo huo huo, alichukua jina la marehemu.

Levegh alikuwa pia mchezaji mzuri wa tenisi na wa hoki ya barafu. Lakini moyo wake ulikuwa Le Mans. Alishiriki mara ya kwanza mwaka wa 1938, kisha vita vya pili vya dunia vikasimamisha kila kitu. Baada ya vita alirudi na magari ya Talbot, akakimbia pia katika Formula 1 miaka ya 1950 na 1951. Katika Le Mans ya 1951, yeye na mwenzake René Marchand walichukua nafasi ya nne.

Mwaka uliotangulia, Mfaransa mwingine, Louis Rosier, alikuwa ameshinda Le Mans akiendesha Talbot karibu muda wote. Mtoto wake alimpokea kwa mizunguko miwili tu. Kumbe jambo hilo liliwezekana.

Ndiyo hali Levegh aliyoingia nayo katika mbio za 1952. Alikuja na Talbot yake mwenyewe. Upande wa pili kulikuwa Mercedes, kampuni ya Ujerumani iliyokuwa imerudi Le Mans. Vita vilikuwa vimeisha miaka saba tu iliyopita, na Wafaransa walikuwa hawajasahau miaka ya kutawaliwa na Wajerumani. Gari la bluu lilipoongoza, watazamaji wengi waliona kwamba heshima ya nchi yao iko mikononi mwa mtu huyo mmoja.

Kila aliposimama kujaza mafuta, Marchand alikuwa tayari kupanda, na kila mara Levegh alikataa kushuka. Inaelezwa kwamba alikuwa amesikia motere ikitetemeka vibaya, akaamini kwamba yeye peke yake ndiye anajua namna ya kuitunza. Wengine walisema ni kiburi. Kufikia asubuhi alikuwa mbele kwa mizunguko minne, zaidi ya kilometa 50. Alikuwa na umri wa miaka 46.

Ilipobaki zaidi kidogo ya saa moja, Talbot ilisimama. Motere ilikuwa imevunjika ndani. Wengine walidai kwamba kwa uchovu alikosea kuingiza vitesi. Wengine walisema chuma kilikuwa kimechoka tangu usiku. Mercedes mbili zikapita, zikachukua nafasi ya kwanza na ya pili.

Wafaransa waligawanyika. Kuna waliomwita shujaa. Kuna waliomkasirikia, wakisema kwamba kama angempa Marchand usukani hata kwa saa chache, Wajerumani wasingeshinda. Levegh alibeba lawama hiyo miaka mitatu.

Mtu mmoja aliyeona kazi ya siku ile kwa jicho lingine alikuwa Alfred Neubauer, mkubwa wa ekipe ya Mercedes. Mwaka wa 1955 alimpa Levegh nafasi katika moja ya magari yake matatu, Mercedes 300 SLR namba 20, pamoja na Mwamerika John Fitch. Kuwa na Mfaransa ndani ya gari la Kijerumani kulisaidia pia kutuliza watazamaji. Levegh alikuwa na miaka 49, na hilo lilikuwa gari la mbio kali kuliko yote aliyowahi kupewa.

Fitch alieleza baadaye kwamba Levegh alikuwa na wasiwasi juu ya barabara ile mbele ya mahali pa kujaza mafuta. Aliona ni nyembamba mno kwa mwendo wa magari mapya. Hapakuwa na ukuta kati ya magari yanayokimbia na yale yanayosimama. Upande wa pili, watazamaji walilindwa na kilima kidogo cha udongo tu. Mpango huo ulitoka miaka ya 1920, wakati magari yalikuwa yakikimbia kilometa 100 hivi kwa saa. Mwaka wa 1955 yalipita hapo zaidi ya mara mbili ya mwendo huo.

Jumamosi tarehe 11 Juni 1955, zaidi ya watu 200 000 walikuwa Le Mans. Tangu mwanzo, Mwingereza Mike Hawthorn wa Jaguar na Juan Manuel Fangio wa Mercedes walikuwa wakifukuzana, na watu walijaa kwenye kile kilima, wengine juu ya ngazi na viti, ili wasikose lolote.

Saa kumi na mbili na dakika 26 za magaribi, Hawthorn alimpita Lance Macklin, aliyekuwa katika Austin-Healey isiyo na mbio sana, kisha akakanyaga breki ili aingie kujaza mafuta. Jaguar yake ilikuwa na breki za kisasa, ikapunguza mwendo ghafla. Macklin akakwepa upande wa kushoto. Nyuma yake alikuwa Levegh, akija kwa kilometa karibu 240 kwa saa, bila nafasi ya kupita wala muda wa kusimama. Mercedes ilipanda mgongo wa Austin-Healey, ikaruka, ikagonga kilima na kupasuka. Motere na vipande vingine vikaingia katikati ya watu.

Levegh alitupwa nje, akafa papo hapo. Watazamaji zaidi ya 80 walikufa na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Hadi leo, hiyo ndiyo ajali mbaya kuliko zote katika historia ya mbio za magari.

Waandalizi hawakusimamisha mbio. Walieleza kwamba umati ungetoka wote pamoja na kuziba njia za magari ya wagonjwa. Kwa hiyo upande wa mbali, maelfu ya mashabiki waliendelea kuhesabu mizunguko bila kujua kilichotokea. Usiku, Mercedes iliondoa magari yake yaliyobaki, ingawa Fangio na Stirling Moss walikuwa wanaongoza. Hawthorn na mwenzake Ivor Bueb wakashinda.

Uchunguzi haukumpa dereva yeyote kosa. Ulionyesha kwamba mahali penyewe hapakufaa tena kwa magari ya wakati huo. Kwa mbio za 1956, barabara ile ilipanuliwa, na majukwaa ya watazamaji yakajengwa upya mbali zaidi. Uswisi ilipiga marufuku mashindano ya magari ya kuzunguka, na marufuku hiyo ilidumu miaka mingi. Mercedes iliacha mashindano mwisho wa mwaka ule, ikarudi tu katika miaka ya 1980.

John Fitch, ambaye zamu yake haikufika, alitumia miaka mingi ya maisha yake kutafuta namna ya kulinda watu barabarani. Mapipa ya plastiki yenye mchanga, yanayowekwa kando ya barabara kubwa za Marekani ili kupunguza nguvu ya gari linalogonga, ni kazi yake.

Levegh alizikwa Paris, katika makaburi ya Père-Lachaise. Leo, sheria za Le Mans hazimruhusu dereva mmoja kuendesha zaidi ya saa 14 kwa jumla, na ukuta unatenganisha magari yanayosimama na yale yanayopita. Mashabiki wanaendelea kukesha na kuhesabu mizunguko kama asubuhi ile ya 1952, lakini sasa wanakaa mbali na barabara.