William Lever: mwanzilishi aliyependa kujenga kuliko pesa, na deni alilolipa mkata ngazi wa Kongo

Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, wakaaji wanajua vizuri safari ya ngazi: toka shambani inakuwa mafuta ya mawese, toka mafuta inakuwa sabuni. Tangu mtambo wa umeme wa mto Butahu uanze kazi mwaka 2013, kiwanda cha sabuni kilijengwa hapo, na vijana wengi wa Beni na Butembo wana ndoto ya kuanzisha kampuni yao. Lakini ni nini kinamsukuma mtu kuanzisha kampuni, na kinamfikisha wapi? Maisha ya Mwingereza William Lever yanatoa jibu lenye pande mbili.

Lever alizaliwa mwaka 1851 katika mji wa Bolton, mtoto wa mwenye duka. Akiwa kijana aliingia dukani kwa baba yake, na kati ya kazi zake za kwanza ilikuwa kukata vipande vya sabuni na kuvifunga. Hakuwa maskini wala hakukosa kazi. Angeweza kubaki muuza duka mwenye heshima. Ila hakuweza kutulia. Mwaka 1884 aliandikisha jina la Sunlight, akauza sabuni iliyokatwa tayari, ndani ya karatasi yenye jina. Mwaka uliofuata, pamoja na ndugu yake James, alianza kuitengeneza mwenyewe.

Wanaomfahamu wanasema pesa kwake ilikuwa chombo tu. Alichokitaka ni kujenga na kupanga. Mwaka 1888 alianza kijiji cha Port Sunlight kwa ajili ya wafanyakazi wake, chenye nyumba nzuri, shule na bustani. Hata hivyo, hakukubali kuwagawia faida mkononi. Aliona kwamba yeye ndiye anajua vizuri zaidi namna ya kuitumia kwa faida yao. Wema na hamu ya kutawala vilikaa ndani ya moyo mmoja.

Hamu hiyo ilimleta Kongo. Hakupenda kutegemea bei za wauzaji wengine wa mafuta. Mwezi wa nne 1911 alifanya mapatano na serikali ya Ubelgiji, na kampuni ya Huileries du Congo Belge ikapewa maeneo 5 makubwa ya michikichi. Makao ya Lusanga, kule Kwilu, yaliitwa Leverville, kwa jina lake. Mapatano yalidai mshahara wa chini, shule na hospitali. Kwenye karatasi, ilikuwa Port Sunlight nyingine.

Mashambani mambo yalikuwa tofauti. Watu hawakutaka kupanda michikichi mirefu kwa malipo madogo, basi kampuni ilitegemea machifu, kodi na nguvu za wakoloni ili kupata wakata ngazi. Lever alitembelea Kongo mara mbili, na safari ya mwisho ilikuwa 1924 hadi 1925. Aliona nyumba na viwanda, akaamini analeta maendeleo. Kosa lake kubwa lilikuwa hilo: alidhani nia yake njema inatosha kuwa ushahidi.

Hakujua pia kusimama. Mwaka 1920 alinunua Niger Company kwa zaidi ya milioni 8 za pauni, kisha bei zikaanguka, na kampuni yake karibu izame. Alifariki London tarehe 7 mwezi wa tano 1925, siku chache baada ya Mbuga ya Albert, Virunga ya leo, kuanzishwa. Kampuni yake iliungana na Waholanzi, ikawa Unilever. Mwaka 1931, bei ya ngazi ilipoporomoka huku kodi ikibaki juu, Wapende wa Kwilu waliasi. Wanajeshi waliua mamia ya watu.

Kwa kijana wa Mutwanga anayetaka kuanzisha biashara, Lever anafundisha ujasiri, usafi wa kazi na umuhimu wa jina zuri. Anaonya pia. Mwanzilishi anaweza kuamini kwa moyo wote kwamba anasaidia, huku mkata ngazi akibeba mzigo. Ndiyo maana swali la kwanza si mwanzilishi ana nia gani. Ni nani anapanga bei ya ngazi, na kama mwenye shamba ana haki ya kukataa kuuza.