Maisha ya Richard Hamming, Aliyeifundisha Mashine Kusahihisha Kosa Lake

Muhula huu twawasimulia habari za mtaalamu wa hisabati ambaye kazi yake imo ndani ya kompyuta nyingi duniani, ingawa wengi wazitumiao hawajapata kulisikia jina lake.

Richard Wesley Hamming alizaliwa mjini Chicago, Marekani, tarehe 11 Februari 1915. Alitamani sana kuwa mhandisi, lakini alipomaliza shule nchi yake ilikuwa katika dhiki kubwa ya fedha. Msaada wa masomo alioupata ulitoka Chuo Kikuu cha Chicago, na huko uhandisi haukufundishwa. Basi hakukaa kulalamika, akasoma hisabati. Alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1937, ya pili huko Nebraska mwaka 1939, na udaktari huko Illinois mwaka 1942. Mwaka huo huo alimwoa Bibi Wanda Little.

Mwaka 1945, wakati wa vita, aliitwa Los Alamos, mahali palipokuwa pakitengenezwa bomu la atomiki. Kazi yake ilikuwa kuziendesha mashine za kuhesabu zilizotatua milinganyo ya wataalamu wa fizikia. Mwaka 1946 akahamia Bell Telephone Laboratories, maabara ya kampuni ya simu, na huko ndiko alikopata sifa yake.

Mashine aliyoitumia huko ilifanya kazi kwa relei, yaani swichi zinazofungwa na kufunguliwa kwa umeme. Ilikuwa na akili kidogo: iliweza kutambua kwamba kosa limetokea. Siku za kazi ilisimama, nao watumishi wakaja kuitengeneza. Lakini Hamming alipewa nafasi mwisho wa juma tu, wakati hapakuwa na mtu wa kuiangalia. Kosa likitokea, mashine iliiacha kazi hiyo na kushika inayofuata. Mwaka 1947, majuma mawili mfululizo, alirudi Jumatatu akakuta kazi yake haikufanyika. Alikasirika, lakini hasira yake ilizaa swali jema: ikiwa mashine yaweza kujua kwamba kuna kosa, kwa nini isijue kosa liko wapi, ikalisahihisha yenyewe?

Jibu lake ni rahisi kiasi cha kuwa mwanafunzi yeyote aweza kulijaribu kwa kalamu. Kompyuta huandika kila kitu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Chora nafasi saba, uzipe namba 1 hadi 7. Habari yako iandike katika nafasi ya 3, 5, 6 na 7. Nafasi ya 1, 2 na 4 ni za walinzi. Mlinzi wa kwanza huangalia nafasi ya 1, 3, 5 na 7. Wa pili huangalia ya 2, 3, 6 na 7. Wa nne huangalia ya 4, 5, 6 na 7. Kila mlinzi huandikwa 0 au 1 ili idadi ya moja katika kundi lake iwe shufwa. Sasa mwambie mwenzako abadili tarakimu moja kwa siri. Kagua makundi yote. Ikiwa mlinzi wa kwanza na wa nne wanalalamika, jumlisha 1 na 4: kosa liko nafasi ya 5. Igeuze, na habari imepona. Ukiongeza mlinzi mmoja wa kuangalia nafasi zote pamoja, utaweza pia kutambua makosa mawili, ijapokuwa hutaweza kuyasahihisha.

Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1950. Hapana shaka wakati huo alifikiri juu ya relei. Lakini mwaka 1978 wataalamu wawili wa kampuni ya Intel, May na Woods, walionyesha kwamba hata kumbukumbu mpya za kompyuta, zisizo na kitu kinachotikisika, hukosea; chembe ndogo zitokazo katika vifaa vilivyozifunika zaweza kugeuza 0 kuwa 1. Kwa hiyo katika kompyuta za kazi kubwa, kila tarakimu 64 za habari huwekewa walinzi 8.

Je, makosa yakiwa mawili, yasiweze kusahihishwa? Hapo amri hupewa kiini cha mfumo endeshi, yaani programu inayotawala kompyuta nzima. Kiini chema hakifichi kosa, wala hakiizimi mashine kwa kila jambo dogo. Kwanza huifunga sehemu mbovu ya kumbukumbu ili isitumiwe tena. Ikiwa habari iliyokuwamo ina nakala yake katika diski, husomwa upya, na kazi huendelea. Ikiwa ilikuwa ya programu moja na haina nakala, programu hiyo peke yake husimamishwa. Lakini kosa likiwa ndani ya kiini chenyewe, ni heri mashine yote isimame kuliko kutoa hesabu za uongo. Maana fedha za watu katika benki na dawa za mgonjwa hospitalini huenda zikategemea hesabu hizo. Kiini cha Linux kimekuwa na utaratibu wa namna hii tangu mwaka 2009.

Mwaka 1968 Hamming alipewa Tuzo ya Turing, heshima kuu ya elimu ya kompyuta. Mwaka 1976 aliiacha maabara, akaenda kufundisha katika chuo cha jeshi la majini huko Monterey, California. Aliwahimiza wanafunzi wake wachague maswali yaliyo makubwa, wasipoteze umri katika madogo. Alifundisha mpaka mwaka 1997, akafariki tarehe 7 Januari 1998.

Ndugu wanafunzi, Hamming hakutengeneza mashine isiyokosea, kwa kuwa alijua haipatikani. Alichofanya ni kuandaa mapema njia ya kulijua kosa na kulirekebisha. Nasi tunaporudishiwa daftari lenye alama nyekundu, tusilifunge haraka na kulificha. Tutafute kosa liko nafasi ya ngapi.