Morgagni: Tabibu aliyefichua hatari ya kitambi

KWA miaka na mikaka, kitambi kimehesabiwa na wengi kuwa ishara ya neema na hadhi. Hata hivyo, katika karne ya 18, tabibu mmoja wa Italia alipasua maiti na kubaini kuwa mafuta yanayorundikana ndani ya tumbo huandamana na maradhi mazito.

Giovanni Battista Morgagni alizaliwa mjini Forlì mnamo Februari 25, 1682. Babake alifariki Morgagni angali mtoto, akalelewa na mamake. Alisomea udaktari mjini Bologna na kuhitimu mwaka wa 1701, akiwa na umri wa miaka 19 tu. Huko alikuwa mwanafunzi na msaidizi wa Antonio Maria Valsalva, bingwa wa elimu ya sikio.

Baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Padua, na mwaka wa 1715 akapewa wadhifa wa profesa wa anatomia. Alifundisha huko hadi uzeeni.

Enzi hizo, matabibu wengi waliamini kuwa ugonjwa hutokana na kuvurugika kwa majimaji ya mwili mzima. Morgagni alishika njia tofauti. Alinakili dalili za mgonjwa angali hai, na baada ya kifo akapasua maiti ili kutafuta kiungo kilichoathirika. Visa takriban 700 alivikusanya katika kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1761, yeye akiwa na umri wa miaka 79.

Miongoni mwa visa hivyo walikuwamo watu wanene ambao mafuta yao yalikuwa yamesongamana ndani ya tumbo na kifua, huku mishipa yao ya damu ikiwa imekakamaa.

Morgagni alifariki mnamo Desemba 1771. Ilimbidi ulimwengu usubiri hadi mwaka wa 1947, ambapo daktari Mfaransa Jean Vague wa Marseille alionyesha kuwa unene wa tumboni huambatana na kisukari kuliko unene wa nyonga na mapaja.

Sababu yake sasa inaeleweka zaidi. Mafuta ya ndani ya tumbo humwaga asidi zake katika damu inayoelekea moja kwa moja kwenye ini. Ini likilemewa, insulini hushindwa kudhibiti sukari ipasavyo. Mafuta ya nyonga na mapaja huhifadhiwa kwa usalama zaidi.

Ndiposa mizani peke yake haitoshi. Utepe wa fundi cherehani pia huhitajika. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hatari huongezeka kiuno kinapozidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke.

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Morgagni alithibitisha kwamba wakati mwingine ki ndani zaidi ya nguo.